Nina soko la mtindi ila sina mtaji. Niandikishe kikundi cha ndugu nipate mkopo wa halmashauri?

Mshauri wetu, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 43, naishi Kibosho, Wilaya ya Moshi. Nasindika mtindi nyumbani. Maziwa nanunua kwa akina mama majirani wenye ng'ombe wawili au watatu wa ndani, nawalipa Sh1,200 kwa lita. Nachemsha kwenye sufuria kubwa, naweka kimea, nafungasha kwenye chupa, na asubuhi nashuka na daladala hadi mjini. Nina wateja Mbuyuni, nina migahawa, nina ofisi. Kwa siku natengeneza lita 60 na hazilali. Nikitoa gharama zote, kila lita inaniachia kama Sh350.

Sasa nimepata wateja wakubwa. Shule mbili za bweni za watu binafsi zinataka lita 40 kwa siku, na supamaketi moja ya mjini inataka lita 30. Sikuwahi kuota jambo kama hilo. Lakini supamaketi wanataka nembo ya TBS, shirika la viwango, na wote watatu wanalipa baada ya siku 45. Majirani zangu mimi nawalipa kila Jumamosi, na siwezi kumwambia mama mwenye ng'ombe wawili asubiri mwezi na nusu.

Nimepiga hesabu nikaona nahitaji Sh14 milioni. Sh9 milioni ni za mtambo wa kuchemshia na kupoozea, jokofu kubwa na mashine ya kufungasha. Sh5 milioni ni za mzunguko. Nimekwenda benki, wameniomba hati. Nyumba yetu iko ndani ya kihamba, shamba la ukoo wa mume wangu, hati haipo. Ofisi moja ya mikopo pale mjini iko tayari kunipa Sh5 milioni kwa mwaka mmoja, riba asilimia 3.5 kwa mwezi inayohesabiwa kwenye mkopo wote hadi mwisho. VICOBA yetu mwisho ni Sh1.5 milioni, unarudisha ndani ya miezi sita na riba ya asilimia 10 kwa jumla.

Shemeji yangu anajuana na watu. Ananiambia, "Andikisha kikundi cha wanawake. Weka jina lako, la wifi yako, la mdogo wako, la binti wa kazi, na mama yeyote wa jirani. Wao wasaini tu. Mkopo wa asilimia 10 ukitoka unauchukua wewe, mimi utanikumbuka kwa laki tano." Anasema kila mtu anafanya hivyo. Dada yangu aliyeolewa Sanya Juu naye anasema kwao mkopo huo unapitia benki, hivyo nikajiandikishe kule.

Mume wangu anaona bora tutafute hati ya kimila ya kihamba tuiweke benki. Mama mkwe hajui. Na kuna mtu kwenye WhatsApp anasema Serikali inatoa ruzuku isiyorudishwa kwa wasindikaji, fomu Sh30,000.

Naogopa wateja hawa wasije wakaniponyoka. Nisaidie nijue pa kuanzia.

Mama Eliya, Kibosho

*

Marahaba, Mama Eliya.

Hicho kikundi usikiandikishe. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linaloweza kukuharibia yote mengine, na kwa sababu maneno ya "kila mtu anafanya" yamewaponza akina mama wengi.

Fedha anazozisema shemeji yako si za mtu wa mbali. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, kwa marekebisho ya mwaka 2018, inaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mapato ya ndani ni ushuru wa soko, ada za leseni, ushuru wa mazao. Ni fedha za majirani zako, na zinapaswa kuzunguka: anayerudisha leo ndiye anayemwezesha mwingine kukopa kesho. Mwezi Aprili 2023 Serikali ilisimamisha mikopo hii nchi nzima. Ripoti za Mkaguzi na Mdhibiti Mkuu wa Hesabu za Serikali zilikuwa zimeonesha mabilioni yasiyorejeshwa na vikundi ambavyo wanachama wake hawakuonekana popote. Utoaji ulirudi katika mwaka wa fedha 2024/25, ukiwa na taratibu mpya. Kati ya hapo, vikundi vya kweli vilivyokuwa na katiba, akaunti na mradi unaoonekana vilikaa zaidi ya mwaka bila kupata chochote. Ninalisema kwa uchungu kwa sababu walioumia walikuwa wanawake kama hao wanaokuletea maziwa.

Halafu mwangalie binti wa kazi. Mkopo wa kikundi ni deni la kikundi. Aliyesaini amekopa, hata kama hakushika shilingi. Siku ukiugua, au jokofu likiungua, au shule moja ikikataa kulipa, anayedaiwa ni pamoja na huyo binti asiyejua hata Sh14 milioni zinafananaje. Hiyo laki tano ya shemeji, kama ni ya kulisukuma faili ndani ya ofisi, ni rushwa. Anayeitoa na anayeipokea wote wana kosa.

La Sanya Juu ni fupi. Dada yako anasema kweli: mikopo iliporudishwa, Siha, wilaya iliko Sanya Juu, iliwekwa kwenye halmashauri 10 za majaribio ambako fedha zinapitia benki. Ila mikopo hii inafuata mahali ulipo wewe na shughuli yako. Wewe uko Kibosho, ofisi yako ni Halmashauri ya Wilaya ya Moshi, na mlango wako wa kwanza ni Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata yako. Hata Manispaa ya Moshi, unakouzia, si kwako kwa jambo hili.

Sasa tuje kwenye Sh14 milioni zako, maana hapo ndipo nilipokaa muda mrefu na barua yako. Umeziandika kama pengo moja, na mimi naona mawili yasiyofanana hata kidogo. Moja ni la vifaa vitakavyokaa miaka mingi. Jingine ni la kusubiri. Ukiyaziba yote kwa fedha ya aina moja utaumia, kwa sababu vifaa vinataka fedha ya muda mrefu na riba ndogo, na kusubiri kunataka fedha ndogo inayokuja na kuondoka haraka.

Tuanze na kusubiri. Lita 70 za wateja wapya, kwa Sh1,200, ni Sh84,000 za maziwa kila siku. Ukiongeza chupa, gesi na nauli, tuseme Sh110,000. Zidisha kwa siku 45 unapata Sh4,950,000. Ndiyo hiyo Sh5 milioni yako! Hukuihitaji kwa kununua kitu. Unaihitaji ili supamaketi na shule mbili wakae na fedha yako mwezi na nusu bila kukulipa, na ofisi ya mikopo inataka wewe ndiye ulipie riba ya kukaa nayo kwao. Asilimia 3.5 kwa mwezi ndiyo kiwango cha juu ambacho Benki Kuu imewaruhusu wakopeshaji wadogo wenye leseni, kwa hiyo sisemi wamevunja sheria. Lakini kwa Sh5 milioni, riba ikihesabiwa kwenye mkopo wote kama ulivyoelezwa, ni Sh175,000 kila mwezi, Sh2.1 milioni kwa mwaka. Pamoja na sehemu ya mkopo wenyewe utakuwa unalipa karibu Sh592,000 kila mwezi.

Kabla ya kukopa hata shilingi, rudi kwa wateja. Wakilipa kila baada ya siku 14, hesabu ileile inashuka hadi Sh1,540,000, na hiyo VICOBA yako karibu inaifikia. Shule ndizo rahisi. Shule ya bweni ya binafsi inapokea ada mwanzoni mwa muhula, fedha wanazo. Mwombe mhasibu, kwa heshima na kwa barua yenye bei na kiasi, wakulipe kila wiki mbili, au watangulize sehemu ya muhula na wewe uwapunguzie kidogo bei kwa lita. Usiogope kuomba. Mtindi ukikatika wanafunzi wanalalamika, na mhasibu analijua hilo. Supamaketi watakuwa wagumu zaidi. Wakikataa kabisa, anza nao kwa lita 15, siyo 30, na uwaongezee malipo ya kwanza yakishaingia. Mteja anayekuponyoka kwa sababu umemwomba alipe ndani ya wiki mbili angekuja kukuacha na deni baadaye.

Kwenye vifaa, natoa maoni yangu na unaweza kunipinga: mashine ya kufungasha isubiri. Lita 130 kwa siku zinafungwa vizuri kwa mikono iliyooshwa na kifaa kidogo cha kuziba kwa moto. Mtambo wa kuchemshia na kupoozea na jokofu ndivyo vinavyolinda afya ya watoto wa watu, na ndivyo mkaguzi atakavyoviangalia kwanza. Kama mashine hiyo ni kama Sh3 milioni katika hesabu yako, tumebaki na Sh6 milioni.

Na usinunue kwa picha za simu. SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoundwa na Bunge mwaka 1973, lina kituo cha teknolojia Moshi na kingine Arusha, wanatengeneza mashine. TEMDO na CAMARTEC, taasisi za Serikali za kubuni mashine na zana, ziko Arusha. Nenda na vipimo vyako, uliza bei, uliza nani atakuja siku mtambo ukigoma. Mtambo ambao fundi wake yuko Moshi una thamani kuliko wa bei nafuu ambao kipuri chake kinatoka nje ya nchi.

SIDO ndiyo ningekupeleka kwanza, hata kabla ya benki, na kwa sababu tatu. Wana mfuko wa mikopo wa wajasiriamali, NEDF, ulioanza mwaka 1994, na wao wamezoea mtu mmoja mwenye karakana nyumbani, hawakudai uwe kikundi. Wana mafunzo ya usindikaji. Na wanakuandikia barua ya utambulisho kwa TBS. Hii ya mwisho wengi hawaijui: mjasiriamali mdogo aliyetambulishwa na SIDO hupewa nembo ya ubora bila kulipa gharama za ukaguzi na upimaji kwa miaka mitatu ya kwanza, kwa sababu Serikali inazibeba. Mama Eliya, hiyo ndiyo ruzuku. Haiji kama noti mkononi, lakini ni fedha ya umma inayoziba pengo ambalo wewe ungelikopea. Wala haina mtu wa WhatsApp wa kumlipa Sh30,000. Huyo mzuie namba. Ruzuku za fedha taslimu zipo, mara nyingi kupitia miradi maalumu, nazo hutangazwa wazi, zina ushindani, na kwa kawaida humtaka mwombaji naye aweke sehemu yake. Hakuna anayekuuzia fomu ya Serikali kwa namba ya simu.

Tangu mwaka 2019 TBS ndiyo pia inayosajili majengo ya chakula, kazi iliyokuwa ya TFDA, mamlaka ya chakula na dawa. Kwa hiyo chumba chako kitaangaliwa: sakafu, maji, madirisha yenye wavu, mahali pa kunawia. Hiyo tengeneza kwa akiba yako kidogo kidogo kuanzia sasa, usiikopee. Uwe pia umesajiliwa na Bodi ya Maziwa, uwe na TIN, namba ya mlipakodi, ambayo haiuzwi, na leseni ya biashara kutoka halmashauri. Hivi vipitie haraka, ila visiwe juu ya karatasi za mtu mwingine. Viwe kwa jina lako.

SIDO ikikupa sehemu tu ya hizo Sh6 milioni, hapo ndipo benki inaingia, na safari hii uende na swali jingine. Usiulize "mnatoa mkopo?" Uliza: je, usindikaji wa maziwa kwenu unaingia kwenye mikopo ya kilimo? Mwaka 2021 Benki Kuu iliweka nafuu kwa benki zinazokopesha kilimo kwa riba isiyozidi asilimia 10 kwa mwaka, na benki kubwa zilishuka hadi asilimia 9. Kwa mwaka, Mama Eliya, si kwa mwezi. Kisha uliza kama wanafanya kazi na mfuko wa PASS, ulioanzishwa mwaka 2000 kwa ushirikiano wa Tanzania na Denmark, au na mfuko wa dhamana wa Benki ya Maendeleo ya Kilimo. Hawa kazi yao ni kusimama pale hati inapokosekana: wanamdhamini mkopaji kwa sehemu kubwa ya mkopo, na PASS humpa mwanamke kiwango cha juu zaidi. PASS wana pia kampuni ya kukodisha zana, ambapo mtambo wenyewe ndio dhamana hadi umalize kulipa. Afisa wa mikopo asiyekutajia haya si lazima awe mbaya, pengine hajaulizwa.

Lakini elewa vizuri maana ya kudhaminiwa. Mdhamini huilinda benki. Ukishindwa, benki italipwa sehemu yake, na deni lako litakuwa palepale. Nimeona watu wakichukulia dhamana ya mfuko wa umma kama msamaha wa mapema, na wameishia kufungiwa milango ya kukopa kila mahali, maana taarifa za wakopaji sasa zinasomwa na benki zote.

Nimekufanyia hesabu mbili. Ungekopa kama ulivyopanga, Sh9 milioni benki kwa asilimia 9 kwa miezi 24, ni kama Sh411,000 kwa mwezi. Weka juu yake zile Sh592,000 za ofisi ya mikopo. Umefika Sh1,003,000. Ukiuza lita zote 130, faida yako kwa mwezi ni Sh1,365,000, unaona inatosha. Ila Juni na Desemba shule zinafungwa. Lita 40 zinaondoka, unabaki na 90, faida Sh945,000, na rejesho halifungi shule. Hapo ndipo ungeanza kuwakopa akina mama wenye ng'ombe. Desemba labda watu wanaopanda nyumbani kwa sikukuu wangekuokoa, Kibosho ikijaa kila mtu anataka mtindi. Juni hakuna wa kukuokoa.

Hesabu ya pili: Sh6 milioni kwa asilimia 9 kwa miezi 24 ni kama Sh274,000 kwa mwezi. VICOBA, Sh1.5 milioni kwa miezi sita pamoja na riba yake, Sh275,000. Jumla Sh549,000, na baada ya miezi sita inashuka. Hata kwenye mwezi wa likizo unalipa na unabaki na kitu. Karibu nusu ya pengo lako imeondoka bila mtu yeyote kukupa fedha, kwa kubadilisha siku za malipo na kuahirisha mashine moja. Kilichobaki ndicho kinachostahili kwenda kuombwa kwenye mifuko ya umma, na ukiombea kiasi hicho, kwa maelezo hayo, utasikilizwa tofauti na anayetaja Sh14 milioni za jumla.

Nimesema kikundi cha uongo hapana. Kikundi cha kweli unacho tayari, ila hujakiona kwa sababu unawalipa kila Jumamosi. Hao akina mama wanaokuuzia maziwa wana shida yao: maziwa ya jioni. Ng'ombe anakamuliwa mara mbili, na bila kupoozwa maziwa ya jioni hayafiki asubuhi yakiwa salama. Ukitaka kutoka lita 60 hadi 130 utayahitaji hayo ya jioni. Wakiwa watano au zaidi wanaweza kujiandikisha, wakaandika katiba yao, wakafungua akaunti ya kikundi, wakaomba mkopo wa halmashauri kwa ajili ya tangi dogo la kupoozea, keni za aluminiamu na laktomita, kipimo cha kujua kama maziwa yametiwa maji. Mradi huo ni wao, upo, na afisa akija kukagua atawakuta pale wakipima maziwa. Wewe unaandikiana nao mkataba wa kununua, na mkataba huo unawasaidia kuonesha jinsi watakavyorejesha. Kule Hai, akina mama wa Nronga walijenga ushirika wa maziwa miaka mingi iliyopita, kwa hiyo si jambo geni upande wetu wa mlima. Faida yako ni kwamba upoozaji wa awali unakuwa hauko tena kwenye mzigo wako, na pengine jokofu dogo zaidi litakutosha.

Sharti langu ni moja: usiwe mwenyekiti wala mweka hazina wao. Wewe ndiye mnunuzi. Siku bei ikibishaniwa, mtu mmoja hawezi kuketi pande zote za meza. Kama ukitaka kuwa mwanachama wa kawaida, sema mbele ya wote na iandikwe kwenye muhtasari kwamba unanunua kwao. Na wajue kabla ya kusaini kwamba mmoja akikimbia, waliobaki wanalipa. Wachaguane wenyewe, watu wanaofahamiana kwa kazi na tabia, hata kama hiyo itachukua muda.

Kikundi cha namna hiyo kina mlango mwingine. Sheria ya Ununuzi wa Umma inazitaka taasisi za umma zitenge asilimia 30 ya manunuzi yao ya mwaka kwa makundi maalumu, wanawake wakiwamo, na zabuni zinapita kwenye NeST, mfumo wa ununuzi wa mtandaoni wa Serikali. Si wa kuukimbilia mwaka huu, maana malipo ya taasisi za umma nayo huchelewa, na wewe bado hujapona na siku 45. Afisa Maendeleo ya Jamii atawaeleza jinsi ya kujisajili.

Nenda SIDO na daftari. Kama huna, anza leo: lita zilizoingia, zilizotoka, nani analipwa, nani anadaiwa. Wateja wa Mbuyuni na migahawa walipe kwa Lipa Namba hata kama kuna makato kidogo, kwa sababu miezi sita ya taarifa hizo ndiyo itakayozungumza mahali ambapo hati haipo. Ukienda na daftari, barua za wateja watatu na bei ya mtambo kutoka kwa mtengenezaji, umemaliza nusu ya andiko la mradi.

Nimebakiza kihamba. Najua mume wako ana nia njema, na hati ya kimila ni kitu kizuri kuwa nacho. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaitambua. Lakini kihamba hicho ni cha ukoo. Wamezikwa watu mle, na mama mkwe anakula ndizi zake mle. Kukiweka rehani bila yeye kujua, kwa ajili ya jokofu, sikubaliani nako hata hesabu zikitoka vizuri. Familia ikitaka hati, iketi, ipime mipaka, iandike majina, na jina lako na la mume wako yawemo kwa sehemu mnayokaa. Ifanyike kwa ajili ya amani yenu na watoto wenu. Isifanyike mwaka ambao unatafuta mkopo. Mwambie mume wako kwamba umepata njia isiyohitaji ardhi, mwoneshe hesabu ya pili, kisha mwende naye kwa mhasibu wa shule.

Shemeji mjibu kwa upole, mbele ya mume wako, kwamba mkopo huo hutauomba. Akisisitiza kwamba ana mtu ndani anayesubiri laki tano, TAKUKURU wana namba ya bure, 113.